Anza na stetimenti: mwongozo wa kubeti bila kuangamia, na wa kutambua kamari ikishakushika

Baridi ikishaingia Uingereza, mechi nyingi za Jumamosi za Ligi Kuu ya huko huanza saa kumi na mbili jioni kwa saa zetu. Nusu saa kabla ya hapo, foleni kwenye kibanda changu cha M-Pesa hapa Kayole hubadilika sura. Mama mboga na fundi wa viatu huwa wameshaondoka. Wanabaki vijana wa kuweka mia, hamsini, mia tena. Mtu anaweka mia, anasogea hatua mbili tu kutoka dirishani, anainamia simu, vidole vinakimbia, halafu anarudi: "Boss, niwekee hamsini ingine." Kitabu changu kinaonyesha nambari ileile mara nne kabla ya saa mbili usiku. Ukimwuliza mwenyewe leo amebeti ngapi, atakwambia mia.

Wala hakudanganyi. Ndivyo anavyokumbuka.

Nami nimewahi kuwa mtu wa hatua mbili kutoka dirishani, tena kwa pesa ambazo hazikuwa zangu peke yangu. Nitafika huko. Mwongozo huu ni wa watu wawili: anayebeti na hataki kamari imzidi, na anayeshuku kwamba imeshamzidi. Kwa kuwa wa kwanza mara nyingi hajui kama yeye ndiye wa pili, wote waanzie mahali pamoja.

Hatua ya kwanza: toa stetimenti kabla hujaendelea kusoma

Piga *334#, ingia kwenye akaunti yako, uombe stetimenti ya M-Pesa, au itoe kwa programu kama unayo. Chukua ya miezi sita. Itakuja kwa barua pepe ikiwa imefungwa kwa nambari ya siri. Ujumbe utakaotumiwa utakueleza namna ya kuifungua. Ukienda kuichapisha saiba, usiondoke mpaka uone faili imefutwa kwenye kompyuta yao, maana karatasi hiyo ina maisha yako yote.

Tafuta kalamu mbili. Kwa nyekundu, pigia mstari kila "Pay Bill" iliyokwenda kwa kampuni ya kamari. Kwa buluu, kila "Business Payment" iliyotoka kwao kuja kwako. Usiruke za ishirini ishirini, hizo ndizo nyingi. Jumlisha nyekundu, jumlisha buluu, utoe. Kisha tafuta mistari yenye neno "OverDraft": hiyo ndiyo Fuliza, mkopo wa papo hapo wa M-Pesa. Angalia ilikopwa kulipia nini. Ukikuta Fuliza na paybill ya kamari zimeandikwa dakika ileile, weka nyota. Mwisho angalia saa. Hesabu ni mara ngapi ulibeti kati ya saa sita usiku na saa kumi na moja alfajiri.

Mara ya kwanza nilipofanya hivi, niliketi nikijua niko juu. Kichwani nilikuwa na siku moja tu: siku niliyokula elfu kumi na nane kwa multibeti ya mechi tisa (slipu moja ya mechi kadhaa, ukikosa moja umekosa zote), nikanunua nyama kilo tatu na nikampigia simu kila mtu. Kalamu nyekundu ilifika 83,450. Ya buluu, pamoja na ile elfu kumi na nane, 51,200. Nilikuwa nimeliwa 32,250 kwa miezi sita, na wakati huo chumba changu kilikuwa cha 5,500 kwa mwezi. Nyota zilikuwa 23.

Kama una laini ya pili au unatumia Airtel Money, toa na ya huko. Zile mashine za sarafu za mtaani na pesa unazowekeana na marafiki kwenye meza ya puli hazina stetimenti. Kadiria, kisha ongeza kidogo, kwa sababu tunakadiria tukijipendelea. Ile tofauti iandike kwenye karatasi uiweke kwenye pochi nyuma ya kitambulisho. Hatua zinazofuata zinaifuata karatasi hiyo. Jinsi unavyojisikia haina kura hapa.

Hatua ya pili: ijue bei ya unachonunua

Waliotembea mitaa ya chini ya mji wanaijua pata potea: karata tatu, mikono myepesi, na wale "wateja" wanaokula kila mara kumbe ni wenzake na mwenye karata. Kamari ya simu iliyo na leseni haihitaji mikono myepesi. Hesabu inatosha.

Chukua mechi moja. Odi ni mara ngapi ya ulichoweka utalipwa ukipata: nyumbani 2.10, sare 3.30, ugenini 3.40. Gawa 100 kwa kila odi: unapata 47.6, 30.3 na 29.4. Jumla ni 107.3. Odi zingekuwa za haki, jumla ingekuwa 100. Hiyo 7.3 ya ziada ndiyo mshahara wa kampuni, na maana yake ni kwamba kwa kila mia unayoweka, kwa wastani zinarudi kama 93. Mimi sioni shilingi saba kuwa bei mbaya kwa mtu anayetaka mechi imchangamshe.

Balaa liko kwenye multibeti, maana ule mshahara hukatwa mara nyingi kadiri mechi zilivyo nyingi. Kwa odi za aina hiyo, mechi tano hukuachia wastani wa shilingi 70 kwa mia. Mechi kumi, chini ya 50. Ndiyo maana utaona bonasi nono kwa wenye mechi nyingi. Muuza duka hawezi kukulipa ununue bidhaa inayomtia hasara.

Jakpoti ya mechi 17 ina njia 129,140,163 za kujazwa. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya 47,564,296. Kila mmoja wetu, hadi mtoto aliyezaliwa usiku wa kuhesabiwa, angejaza slipu mbili zisizofanana na bado tusingezimaliza. Ni kweli si kila tokeo lina uzito sawa, mjuzi wa mpira hupunguza kidogo. Na ni kweli mwaka 2017 Samuel Abisai alizipata zote 17 akaondoka na zaidi ya shilingi milioni 221. Jina lake tunalijua miaka yote hii. Majina ya waliokosa wiki ileile hakuna aliyeyaandika.

Halafu kuna ndege. Mchezo maarufu wa ndege, ule wa simu ambao pesa yako huongezeka ndege ikipaa na hupotea ikiondoka kabla hujaitoa, hutangaza kwamba hurudisha asilimia 97, na mtu akisikia hivyo anaona ni bora kuliko mpira. Lakini mpira ni dakika 90, ndege ni sekunde chache. Weka hamsini kwa kila raundi, raundi 120 kwa saa: umezungusha shilingi 6,000, na asilimia 3 yake ni 180. Kila saa, kwa wastani. Mwenye shilingi 500 huwa hafiki hata saa ya tatu, kwa sababu wastani hauendi kwa mstari ulionyooka, na ukishafika sifuri huna tena cha kungojea nacho zamu nzuri. Ukiniuliza, mchezo wowote unaoisha kabla hujapumua mara tatu si wa kuchezwa kwa pesa.

Ongeza ushuru. Tangu Julai 2025 asilimia 5 hukatwa unapoweka pesa kwenye akaunti ya kamari, na asilimia 5 unapotoa. Elfu moja iliyoingia na kutoka bila kuchezwa mchezo wowote hurudi 902.50.

Na wanaokuuzia "mechi zilizopangwa" kwenye Telegram? Chukua watu 900. Mia tatu waambie nyumbani, mia tatu sare, mia tatu ugenini. Waliopata waambie tena hivyohivyo, na tena. Baada ya mechi tatu una watu 33 wanaoapa kwamba wewe ni nabii. Hao ndio watakaoombwa elfu tano ya mechi ya nne.

Hatua ya tatu: kama bado utacheza, jiwekee ua

Ua hujengwa Jumatatu, akili ikiwa imetulia. Jumamosi jioni umechelewa.

Kiasi kwanza. Jiulize ukienda kutazama mechi kwa rafiki utatumia ngapi kwa soda na nauli. Hicho ndicho kiwango cha kamari yako kwa wiki, na kihesabu kuwa kimekwisha siku unapokiweka. Tuseme 200. Kodi, chakula, karo, chama na nauli ya wiki ziwe zimetoka kwanza. Kama baada ya hizo hakuna 200, wiki hiyo ni ya kutazama mpira tu.

Pesa hiyo ikae kwenye laini yake, iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako, isiyo na Fuliza na isiyopokea mshahara. Ikiisha, imeisha. Ukila, toa siku hiyohiyo. Salio likibaki kwenye akaunti ya kamari huwa halionekani kama pesa tena, linaonekana kama tokeni. Chagua mechi kabla haijaanza na uache. Kubeti mpira ukiendelea ni ndege kwa jina lingine.

Nyakati ambazo hutakiwi kugusa: ukiwa umelewa, ukiwa umegombana na mtu, siku ya mshahara, na usiku baada ya saa nne. Mimi ningeongeza timu unayoipenda. Shabiki wa Arsenal anayebeti Arsenal hapimi odi, anasali.

Hakikisha kampuni ina leseni ya Kenya kabla ya kuipa hata shilingi. Umri ni miaka 18, na hilo linahusu simu yako pia: mtoto wa kidato cha pili akiijua PIN yako, wewe ndiye umembetia.

Baada ya miezi mitatu rudi kwenye kalamu mbili. Kama nyekundu toa buluu inapita kile kiwango cha wiki ukikizidisha kwa wiki zote hizo, umeuruka ua. Usijenge mwingine mrefu zaidi, nenda hatua ya tano.

Hatua ya nne: alama za kwamba imekushika

Kuna maswali mawili ambayo washauri huanza nayo, na ukijibu ndiyo hata moja, usilipuuze. Je, umewahi kuhisi lazima ubeti pesa nyingi zaidi na zaidi? Je, umewahi kuwadanganya watu wako wa karibu kuhusu kiasi unachobeti?

Madaktari wa akili wana orodha ndefu zaidi. Mwongozo wa Marekani wa 2013 uliiweka kamari kundi moja na ulevi wa pombe na dawa za kulevya, ukataja alama tisa, na anayekuwa na nne au zaidi ndani ya miezi 12 huhesabiwa kuwa mgonjwa. Nizieleze kwa Kinairobi.

Mia haikuchangamshi tena, unataka mia tano. Umejaribu kuacha ukashindwa. Siku unazoacha unakuwa mkali kwa watoto bila sababu. Uko kazini lakini kichwa kiko kwenye odi. Unabeti ukiwa na huzuni au mawazo, ili upumue. Unadanganya. Umeharibu au unakaribia kuharibu kazi, masomo au ndoa. Unategemea wengine wakutoe kwenye shimo: "Nikopeshe elfu mbili, Ijumaa nitakurudishia."

Nimetaja nane. Ya tisa ni kuliwa leo na kurudi kesho kutafuta kuirudisha pesa hiyo. Hapo ndipo nilipozama. Ukiliwa mia tano hutaki tena kula, unataka tu mia tano yako. Na kwa kuwa mia tano haipatikani kwa kubeti ishirini, unaweka elfu. Slipu ikichomwa na mechi moja dakika ya 90, akili haisemi "nimekosa", inasema "nilikuwa karibu". Lakini karibu na mbali hulipwa sawa.

Sasa, floti. Kwa wasiojua, wakala ana pesa za namna mbili, keshi ya droo na floti ya simu, na jioni zikijumlishwa lazima zilingane na mtaji. Jumapili moja mchana nilijiwekea 2,000 kwenye laini yangu bila kutia keshi kwenye droo. Nitarudisha kabla ya jioni, nilijiambia. Saa kumi zilikuwa 6,000. Kufikia saa mbili usiku zilikuwa 14,300, na mtaji ule nusu ulitoka kwenye chama cha mke wangu. Alipokuja kufunga hesabu alihesabu droo mara mbili.

"Baba Imani, keshi na floti hazikutani."

"Zimepishana ngapi?"

"Wewe ndiye uniambie."

Sikumwambia siku hiyo. Nilisema mteja amenipiga kwa ujumbe bandia. Alama ya uongo ilikuwa imeandikwa kwenye paji la uso wangu na bado niliona kwamba shida yangu ni mechi ya Jumatano tu.

Alama nyingine utaziona kwa mwenzako kabla yeye hajaziona: simu inalazwa kifudifudi, PIN imebadilishwa, mtu anakaa chooni nusu saa na simu, mtungi wa gesi "umepelekwa kujazwa" wiki mbili, anafurahia au kununia matokeo ya ligi ya nchi asiyoweza kuionyesha kwenye ramani.

Jambo moja ambalo wengi hawalijui: baadhi ya dawa za ugonjwa wa Parkinson zinajulikana kuamsha hamu ya kamari. Mzee wako akianza kubeti baada ya kuanzishiwa dawa hizo, mwambie daktari. Usimwachishe dawa mwenyewe.

Hatua ya tano: funga milango, kwa mpangilio huu

Nia haitoshi, maana nia hulala na simu hukesha. Fanya haya siku moja, ikiwezekana na mtu kando yako.

Mwambie mtu mmoja nambari iliyo kwenye karatasi ya pochi. Mtu mmoja tu, lakini nambari yenyewe, usimpunguzie. Hili nimeliweka mbele kwa sababu yote mengine hufunguka kirahisi kama hakuna anayejua.

Toa salio lote kwenye akaunti za kamari, kisha waandikie wahudumu wao, kwa barua pepe, kwamba unataka kujifungia kabisa na hutaki ujumbe wao tena. Kampuni nyingi zenye leseni zina utaratibu huo. Taja nambari zako zote za simu na uhifadhi jibu lao. Fanya hivyo kwa kila kampuni iliyo kwenye stetimenti. Hapo ndipo kalamu nyekundu inakusaidia tena, kwa kuwa utakuta mbili au tatu ulizozisahau.

Lipa deni la Fuliza, piga *234#, ingia sehemu ya Fuliza, ujiondoe. Kwa ujumbe wa matangazo, piga *456*9*5#, ile nambari inayokaa mkiani mwa kila tangazo ambayo hatuisomi. Futa programu za kubeti, toka kwenye magrupu ya Telegram na WhatsApp ya odi, hata lile la marafiki kama kazi yake ni kutumiana slipu. Kuna programu ya bure inayoitwa BetBlocker, inayozuia tovuti za kamari kwa muda unaouchagua mwenyewe. Chagua mrefu.

Halafu pesa. Mshahara ukiingia usikae. Kodi ilipwe siku hiyo, shopingi ya mwezi inunuliwe, mchango wa Sacco ukatwe kazini kabla haujakufikia. Inayobaki ashike mtu unayemwamini, akupe ya siku. Mwanamume mzima kupewa nauli na mkewe inauma. Iliniuma miezi mitano.

Hamu itakuja, tena mara nyingi Jumamosi, au ukipita mahali ulipozoea kubeti. Hupanda, hufika kileleni, hushuka, hata usipoilisha. Ikija, acha simu ndani utembee dakika ishirini. Mimi nilikuwa natoka Kayole Junction hadi Spine Road na kurudi. Bado unaitaka? Tembea tena.

Hatua ya sita: madeni

Andika yote kwenye ukurasa mmoja: nani, kiasi gani, lini, riba gani. Chakula na kodi ya nyumba hutangulia. Halafu yale ya riba kali, yaani mikopo ya simu na shailoki. Shemeji na rafiki watangoja kama utawaambia ukweli na kuwapa tarehe, hata kama ni mia tano kwa mwezi. Mwenye nyumba mwone kabla ya tarehe tano, usingoje akufuate.

Usikope kulipa mkopo. Na usibeti kulipa deni, ingawa hiyo ndiyo sauti utakayoisikia kila siku: slipu moja tu na yote yaishe. Wakopeshaji wa simu wanaotambulika wana leseni ya Benki Kuu, na hawaruhusiwi kuwapigia watu walio kwenye simu yako kukuaibisha. Wakifanya hivyo, hifadhi ushahidi ulalamike Benki Kuu.

Hatua ya saba: wewe uliye mke, mzazi au rafiki

Usianze mazungumzo mechi ikiendelea, wala dakika aliyoliwa. Ngoja asubuhi. Anza na ulichokiona kwa macho, si na hukumu: "Kodi ya mwezi huu sijaiona, na jana usiku uliamka mara tatu na simu." Halafu nyamaza. Mke wangu alikaa kimya siku tatu, ya nne akaniwekea stetimenti mezani na kalamu mbili. Hakunisomea, aliniachia nisome. Hizo ndizo zile nyota 23.

Usimlipie madeni kwa kumpa pesa mkononi. Kama unataka kusaidia, mlipe mwenye nyumba moja kwa moja. Toa pesa za familia, karo na chama mahali anapoweza kuzifikia, na usimfanyie hilo kwa siri, mwambie. Ukimwita mwizi mbele ya watoto atajifunza kujificha vizuri zaidi, hakuna kingine.

Hatua ya nane: msaada ulio karibu

Uraibu wa kamari hutibiwa, na tiba yake kubwa ni ya mazungumzo: mtaalamu anakufundisha kuyatambua mawazo yanayokurudisha ("nilikuwa karibu", "leo ni zamu yangu") na kuyajibu. Hapa Nairobi, Hospitali ya Mathari iliyo kando ya barabara ya Thika ni ya serikali na ina wataalamu wa akili na uraibu. Kenyatta nako kuna idara ya afya ya akili. Kwa simu bila malipo, Msalaba Mwekundu wa Kenya wako kwenye 1199, na NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, 1192 kwa ushauri wa uraibu. Mchungaji au imamu anaweza kukushika mkono, ila asiwe mbadala wa mshauri.

Kama mawazo yamefika mahali pa kuona heri usiwepo, piga 1199 leo, au mwambie aliye karibu nawe akupeleke hospitali, na usikae peke yako usiku huo. Zamani watu waliogopa kusema kwa kuwa kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Deni lina mpangilio wa kulipwa, hata kubwa.

Ukiteleza

Wengi huteleza. Ukiteleza, mwambie yule mtu mmoja siku hiyohiyo kabla ya kulala, na usitafute kuirudisha hiyo pesa.

Mimi niliteleza mwezi wa nane, Jumanne, shilingi 400. Nilimwambia Mama Imani tukila. Hakupiga kelele, aliuliza kitu kimoja: "Laini gani?" Ilikuwa laini ya zamani niliyokuwa nimeisahau kwenye droo, ambayo sikuitaja nilipoandika kujifungia. Asubuhi tulipiga *106#, ile inayokuonyesha laini zote za Safaricom zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Zilitoka nne. Nilikuwa nikijua za mbili.